Visanduku vya Baba, Visanduku vya Mama

Jumatatu, 2 Juni

Shikamoo dada,

Natumaini barua hii itakukuta salama, na kwamba vumbi la huko barabarani halijakumaliza. Sisi huku wazima, ukihesabu uzima wa mwili peke yake.

Nakuandikia kuomba msaada wa chemshabongo ya gazeti. Najua umeshaanza kucheka. Cheka, halafu usome mpaka mwisho.

Tangu baba ajue kwamba uliacha chuo cha uhasibu ukaenda kujifunza kuendesha greda, na kwamba mama alijua muda wote huo akanyamaza, hawasemeshani. Baba siku ile alimwambia mama neno moja tu, "Sawa," na hajaongeza la pili hadi leo. Kila kitu kinapita kwangu. Juzi baba alisimama sebuleni akaniambia, "Muulize mama yako miwani yangu iko wapi." Mama alikuwa palepale kwenye cherehani, akasema, "Mwambie baba yako iko puani kwake." Fundi miwani mzima! Zamani wangecheka mpaka machozi. Baba aliigusa tu pua yake, akatoka.

Kitu kimoja hawajakiacha, nacho ni chemshabongo. Ila wamegawana. Baba anajaza maneno ya mlalo asubuhi kwa penseli, kabla hajaenda karakana. Mama anajaza ya wima jioni kwa kalamu nyekundu, akishaweka sare za shule pembeni. Hakuna anayegusa visanduku vya mwenzake. Na sheria za baba zipo vilevile: gazeti lenye kisanduku kitupu halitoki ndani ya nyumba, na majibu yanayochapishwa Jumamosi anayakata na kuyafungia kabatini mpaka chemshabongo ijae. Ikijaa, wote wawili wanakaa mezani kukagua.

Sasa hazijai. La mlalo analijua mama, la wima analijua baba, na hakuna anayemuuliza mwenzake. Magazeti yamewekwa kwenye kiti chako. Yameshapita mgongo wa kiti.

Nisikilize basi. Mwalimu mkuu ameniita. Nimepata nafasi kwenye chuo cha ufundi wa maabara, kile cha mbali, cha kulala hukohuko. Wanataka jibu kabla mwezi huu haujaisha. Wewe ndiye mtu wa kwanza kujua. Nikimwambia mama kwanza, baba atasema amefichwa tena. Nikimwambia baba kwanza, mama atasema yeye ndiye aliyenizaa lakini anapata habari zangu kama jirani. Lazima wasikie pamoja, kwa wakati mmoja, na hawakai meza moja. Baba akila, mama anashona. Mama akikaa, baba anainuka. Chemshabongo iliyojaa ndiyo pekee itakayowakalisha.

Kwa hiyo nahitaji kuijaza moja, moja tu. Kuna ya wiki iliyopita ambayo imebakiza maneno machache. Hili silijui kabisa: "Mnyama mwenye magamba, hula mchwa." Herufi tisa. Ya tatu ni K na ya mwisho ni A.

Tafadhali usimwambie mtu habari za chuo.

Mdogo wako


Alhamisi, 5 Juni

Redio wangu,

Marahaba. Nimecheka, ndiyo, lakini kidogo tu, halafu nikaacha.

Hongera! Hongera sana! Nimepiga honi ya greda mpaka msimamizi akaja mbio akidhani nimegonga mtu. Usiogope, sikumwambia kwa nini.

Swali lako nimelipeleka jikoni, maana hapa kambini mpishi ndiye anayejiona kuwa anajua kila kitu. Akasema bila kupepesa macho: kenge. Vibarua wawili wakamuunga mkono. Haya, andika kenge, mambo yaishe.

Ila nikuulize, mdogo wangu. Huo mpango wa chemshabongo si mzunguko mrefu? Simama katikati ya sebule, sema, "Naenda chuo." Ukuta una masikio, na wao pia wanayo. Watasikia wote.

Baba anasemaje kuhusu mimi? Au hasemi? Nimeanza kumwandikia mara kadhaa. Nikifika "Shikamoo baba" kalamu inagoma. Mwambie mama nimenenepa.

Dada wa Greda


Jumapili, 8 Juni

Shikamoo dada,

Kenge ana herufi tano! Nilikuandikia tisa. Nikakupa na ya tatu na ya mwisho. Nimesubiri lori la posta kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali, nafungua barua, nakuta kenge. Mwambie mpishi wako ajali sufuria.

Na kuhusu kusimama katikati ya sebule, wewe unaweza. Ulikuwa unaweza hata ulipokuwa darasa la tatu. Mimi mnaniita Redio kwa utani kwa sababu sisikiki. Jana nilijaribu. Mama alikuwa anapima mkono wa sare, baba anafunga viatu. Nikasema, "Nina jambo." Mama akasema, "Kata uzi huo." Baba akasema, "Niletee brashi." Nikakata uzi, nikaleta brashi. Jambo likabaki tumboni.

Lakini nimefanya kitu, nacho kinaninyima raha.

Katika ileile chemshabongo kuna neno la mlalo lililomshinda baba: "Hulinda kidole cha mshonaji." Herufi tisa. Lilikuwa limekaa tupu siku zote hizo, na jibu liko kwenye kidole cha mama kila siku ya Mungu. Kastabini. Angenyanyua macho tu angeliona. Na neno la wima lililomshinda mama ni "Tundu la jicho lipitishalo mwanga." Baba hutamka mboni mara kumi kabla ya chakula cha mchana, akiwapima wateja. Maneno hayo mawili yanakutana kwenye kisanduku kimoja, kwenye B. Nilikitazama kile kisanduku nikapandwa na hasira, dada. Nilitaka kukichana.

Badala yake nikachukua penseli ya baba nikaandika KASTABINI, kwa zile herufi zake kubwa zilizosimama kama askari. Nikachukua kalamu nyekundu ya mama nikaandika MBONI. Kila mmoja atadhani aliliandika mwenyewe akasahau. Watu wazima husahau.

Limebaki hilo la magamba. Tafadhali muulize mtu anayejua kuhesabu.

Mdogo wako


Alhamisi, 12 Juni

Redio,

Umenitukania mpishi wangu na leo amenipa chakula cha ukoko. Tumelipana.

Jibu ni KAKAKUONA. Nimehesabu kwa vidole, na fundi baruti amehesabu kwa vyake. Yeye ndiye aliyelijua. Anasema mwaka jana mmoja alijikunja kama mpira katikati ya barabara wanayoichonga, wakazima mitambo yote mpaka alipojikunjua akaenda zake. Msimamizi alikuwa anaruka kwa hasira, lakini hakuna aliyekubali kumsukuma.

Sasa nikwambie kitu kama mkubwa wako. Kuandika kwenye visanduku vyao hujafanya vizuri. Watu wazima husahau mambo mengi, lakini baba hasahau neno lililomshinda. Unamjua. Atalala nalo, ataamka nalo.

Na hiyo hofu yako kwamba mmoja asijue kabla ya mwenzake, mimi ndiye niliyeileta nyumbani. Nalijua hilo. Nilimwomba mama anyamaze mpaka nimalize mafunzo, kisha niseme mwenyewe. Sikusema. Mteja wa karakana akamwambia baba kwamba ameniona juu ya greda nimevaa kofia ya njano. Mama amebeba mzigo wangu, na wewe umekaa katikati. Wallahi naumia.

Jumamosi naenda mjini na fundi kutafuta kisu cha greda. Ukitaka kitu, umechelewa kuniambia. Nitakuchagulia mwenyewe.

Dada wa Greda


Jumatano, 18 Juni

Shikamoo dada,

Mambo yameharibika, na sijui nimuulize nani.

Kakakuona niliiandika jioni ileile barua yako ilipofika. Ikajaa! Chemshabongo nzima, hakuna kisanduku kitupu. Nikaiweka katikati ya meza, nikajificha nyuma ya pazia la chumba kama mwizi. Baba akaja, akaichukua. Akaitazama kwa muda mrefu, akavua miwani, akaifuta, akatazama tena. Nikasema moyoni, sasa atafungua kabati, atamwita mama. Hakufungua. Aliikunja akairudisha kwenye kiti chako, juu ya nyingine. Asubuhi iliyofuata hakujaza hata neno moja kwenye gazeti jipya.

Tangu mwisho wa wiki iliyopita baba si baba. Anarudi mapema. Anakaa karibu na mimi bila sababu. Juzi nilikuwa naosha vyombo, akaja akasimama mlangoni.

"Huna la kuniambia?"

"Hapana, baba."

"Hata dogo?"

"Hata dogo, baba."

Akasimama hapo mpaka maji yakaisha kwenye beseni. Jana akauliza tena. Leo tena! Dada, amegundua mwandiko. Ananingoja nikiri mwenyewe, kama alivyokuwa akifanya tukivunja glasi. Nikikiri, atajua nimechezea visanduku vyake. Nisipokiri, anazidi kunitazama kwa yale macho ya kupima mboni.

Halafu leo mchana amenituma karakana nimpelekee chakula. Nikakuta kile kiti kirefu cha pembeni ya mashine ya kusagia lenzi, kile alichokuwekea wewe, halafu akasema kitakuwa changu, hakipo. Kiko nje barazani. Mzee mmoja amekikalia, anasoma gazeti akisubiri miwani yake. Nikauliza. Baba akasema, "Wateja wanasimama sana. Acha wakae." Akaendelea kusaga.

Basi, hanitaki hata karakana. Chuo sijasema, na karakana nimefukuzwa kabla sijaingia. Kwa visanduku kumi na vitatu! Nimevihesabu.

Na wewe, ulienda mjini, ukarudi, na lori limepita Jumatatu bila hata mstari mmoja kutoka kwako. Wakati nikikuhitaji ndipo unaponyamaza. Mwezi unaisha. Niambie la kufanya, na safari hii usiniletee kenge.

Mdogo wako


Jumamosi, 21 Juni

Mdogo wangu,

Sijakutupa. Nilinyamaza kwa sababu nikiandika nitasema, na kuna mtu nimemwahidi sitasema.

Nakuomba kitu kimoja. Baba akikuuliza tena kama una la kumwambia, mwambie. Si habari za penseli. Mwambie lile kubwa. Usiogope. Siwezi kuongeza hapo.

Huko mjini nimekununulia saa. Mshale wake wa sekunde ni mwekundu. Fundi baruti anasema watu wa maabara lazima wawe na mshale wa sekunde.

Dada yako


Jumanne, 24 Juni

Dada,

Shikamoo nakupa kwa sababu ya adabu tu.

Barua yako imefika leo. Mambo yameshatokea juzi Jumapili, kwa hiyo ushauri wako umekuja kama kenge wako, haukutosha visanduku.

Nakuhadithia yote ili ujue ulichokifanya.

Jumapili mchana nilichoka. Nilichukua ile chemshabongo iliyojaa, nikaiweka mezani. Mama alikuwa kwenye cherehani, baba dirishani. Nikasema kwa sauti, yaani kwa sauti yangu, "Imejaa. Sheria inasema ikijaa mnakaa mkakague." Mama alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Akaja. Baba akaja. Wakakaa, mmoja upande huu, mwingine upande ule, wakitazama gazeti kama watu wanaotazama nyoka aliyekufa.

Baba ndiye aliyeanza. Hakunitazama mimi. Alimtazama mama usoni, akasema:

"Neno la mlalo ni langu."

Dada, nilishika kiti. Alikuwa anamsemesha.

Mama akasema, "Nani amekunyang'anya?"

"Kastabini. Mimi sikuiandika. Ndani ya nyumba hii nani anaijua kastabini?"

"Kila mwenye macho anaijua! Ina miaka ishirini kwenye kidole changu!"

"Kwa hiyo umeiandika."

"Mimi? Nina sare za darasa zima hazina vifungo, nitapata wapi muda wa kuiba visanduku vyako? Na mboni je? Nani ameniandikia mboni kwa kalamu yangu? Hii M ya kukakamaa si yako?"

"Sijawahi kushika kalamu nyekundu maisha yangu!"

"Basi imejiandika!"

Walikuwa wanapiga kelele, na mimi nilitamani kulia na kucheka kwa pamoja. Kisha ghafla, wote wawili, wakageuka kunitazama.

Nikasema, "Ni mimi."

Mama akafungua mdomo. Lakini baba akashusha pumzi ndefu, akaegemea kiti, akasema kwa upole kabisa, "Ndilo hilo tu? Wiki nzima nakuuliza, nangoja uniambie habari za chuo, kumbe wewe unawaza penseli?"

Mama akasema polepole, "Chuo gani?"

Hapo nikamwona baba akiyatafuta maneno yake hewani ayarudishe mdomoni.

"Chuo gani, baba watoto?"

"Cha maabara. Amepata nafasi."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu Jumamosi ya wiki iliyopita."

"Nani alikwambia?"

"Dada yake. Alipiga simu karakana, kutoka duka la vipuri." Akakohoa. "Aliniomba nisiseme. Alisema mtoto anataka kusema mwenyewe. Nami nikamwahidisha asimwambie mtoto kwamba najua."

"Ukanyamaza."

"Aliniomba."

"Ukalala na mimi chumba kimoja, ukaamka, ukafunga viatu, ukanyamaza."

"Mama nanihii, nilifanyaje? Mtoto akikuomba..."

Hakumaliza. Alisikia mwenyewe anachokisema. Mama alimtazama, akamtazama, kisha akavuta kiti chake karibu na meza na kusema, "Karibu, bwana. Ndivyo kulivyo huku. Mimi nimekaa peke yangu tangu mwezi wa pili."

Baba aliinamisha kichwa. Sikuwahi kumwona hivyo. Akasema, "Nimeona." Akasema tena, "Nimeona, mama yao."

Labda wewe hapo ungesema yameisha vizuri. Hayakuisha! Walianza kunizungumzia mimi. Mama akasema chuo ni mbali mno. Baba akasema hata yeye alidhani hivyo, lakini ameshajizoeza, ndiyo maana amekitoa kiti karakana, ili asikione kitupu kila anaponyanyua macho. Mama akasema, "Kumbe umeshaamua bila mimi." Baba akasema hajaamua. Mama akauliza nitalala wapi. Baba akasema wana mabweni. Mama akauliza amejuaje, na baba akasema mmoja wa wateja wake alisoma pale. Walikuwa wanapanga maisha yangu kwa kunipitia juu ya kichwa, na mimi nimesimama hapo na hotuba niliyoifanyia mazoezi mbele ya kioo wiki tatu, na hakuna aliyebakiza nafasi ya neno moja.

Nikapiga meza. Mimi! Kwa kiganja, mpaka penseli ikaruka ikadondoka.

"Nipo hapa!" nikasema. "Habari ni yangu, na imesemwa na kila mtu isipokuwa mimi. Nimepata nafasi chuo cha maabara. Nataka kwenda. Jibu linatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Sitaki mmoja wenu ajue halafu mwingine afichwe, sitaki kubeba 'mwambie mama yako' wala 'mwambie baba yako.' Nataka mniambie sasa hivi, wote wawili, ndiyo au hapana."

Ilibidi nishike ukingo wa meza.

Wakasema "Ndiyo." Walilisema pamoja, kisha wakatazamana kama watu waliogongana mlangoni.

Sasa sikiliza. Nimekukasirikia na bado. Nilikuambia usimwambie mtu. Nilikupa neno moja la kutunza, ukaenda kulipigia simu. Miezi yote hii baba akisubiri sauti yako, na ulipopata simu mkononi ukamwambia yangu badala ya yako. Mama anasema ulifanya vile kwa kunipenda. Najua. Lakini ningependa niwe nimesema mimi. Ningesema, ungeona. Ningechelewa, ila ningesema.

Jana tumekwenda wote watatu kwa mwalimu mkuu kutoa jibu. Nitaondoka wiki ya kwanza ya Julai. Baba anasema atanipeleka yeye. Mama anasema baba ni mtu asiyeuliza njia, atanizungusha mpaka chuo kifungwe, kwa hiyo atanipeleka yeye. Baba anasema mama akifika pale atakagua kila godoro mpaka wamfukuze. Mama anasema bora anayekagua kuliko anayeduwaa. Chai imepoa. Nimewaacha, nimekuja chumbani na nimefunga mlango ili niandike barua hii kwa utulivu, na bado nawasikia.

Mdogo wako